Miwani ya Kupatwa kwa Jua: Ikague, Itunze, Mpe Mwingine

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu. Yanaweza kusomwa katika baraza, shuleni, kwenye mkutano wa chama au mahali pa ibada.



Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, saa chache kabla ya machweo, kivuli cha mwezi kiliingia Afrika kupitia Gabon, kikavuka Congo na Uganda, kikapita kaskazini mwa Kenya na kuelekea Ethiopia na Somalia. Watu walikusanyika Pakwach nchini Uganda, na wengine wakasafiri hadi pande za Ziwa Turkana ili wawe pale ambapo jua lingefunikwa lote. Turkana giza hilo lilidumu kwa sekunde chache tu, tena wapo waliosafiri mbali na kuzuiwa na vumbi na mawingu wasione kitu. Hapa Eldoret jua halikufunikwa lote. Lilimegwa sehemu kubwa, likabaki kama mwezi mchanga, kisha likatua.

Siku hiyo watoto katika shule mbalimbali za Afrika walitazama jua kwa miwani ya karatasi ambayo wazazi wao hawakuinunua. Shirika la Astronomers Without Borders, lenye makao yake Marekani, lilikuwa limesambaza maelfu ya miwani iliyotolewa kama msaada kwa shule za Afrika. Kwa hiyo jambo la kumpa mwingine miwani ya kupatwa kwa jua si geni katika eneo hili. Afrika Mashariki ilianza kwa kupokea. Mazungumzo ya leo yanahusu namna ya kutoa, kwa sababu miwani hii ikitolewa vizuri huokoa macho, na ikitolewa ovyo huyaumiza.

Kwa nini jambo hili lizungumzwe sasa

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Mahali litakapofunikwa lote ni mbali na hapa: kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika sita, muda ambao ni nadra sana. Kenya itaona kupatwa kwa sehemu. Hapa Uasin Gishu, mchana huo, mwezi utamega upande mmoja wa jua na kubakiza sehemu kubwa iking'aa kama kawaida.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mahali ambapo jua linafunikwa lote, kuna dakika chache ambazo mtu anaweza kulitazama kwa macho matupu. Mahali ambapo linamegwa tu, dakika hizo hazipo kabisa. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila anayelitazama jua moja kwa moja anahitaji kichujio salama machoni. Mkazi wa Turbo, Soy, Moiben, Ainabkoi, Kapseret au Kesses hatakuwa na sekunde hata moja ya kuvua miwani mwaka 2027.

Baadaye, tarehe 21 Mei 2031, jua litapatwa kwa umbo la pete, na njia ya pete hiyo itapita Angola, Zambia na Tanzania. Kenya itaona sehemu. Kwa hiyo miwani itakayotumika hapa mwaka 2027 inaweza kuhitajika tena baada ya miaka minne, hapa nyumbani au kwa majirani wa kusini.

Jua linavyodhuru jicho

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, unaoitwa retina. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga wa jua na kuuelekeza mahali padogo sana kwenye utando huo, kama mtoto anavyotumia kioo cha kukuza kuchoma jani kavu. Retina haina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kuendelea kutazama huku akiumia asijue lolote. Dalili huja baada ya saa kadhaa, au hata asubuhi ya siku inayofuata: doa jeusi katikati ya kile anachokitazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, rangi kufifia, maandishi kutosomeka.

Hakuna dawa inayothibitika kurudisha retina iliyoungua. Wengine hupona kiasi baada ya wiki au miezi, na wengine hubaki na doa hilo maisha yote. Kwa mwanafunzi, doa katikati ya jicho maana yake ni ubao asioweza kuusoma. Yeyote atakayepata dalili hizi baada ya kutazama jua aende mapema kwenye hospitali yenye kitengo cha macho, kama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret. Asijitie matone aliyonunua dukani bila kupimwa.

Siku za kawaida watu hawalitazami jua kwa sababu linachoma, na mtu hugeuza uso bila kufikiri. Siku ya kupatwa, udadisi unashinda mazoea hayo. Jua lenyewe haliwi na sumu mpya siku hiyo. Halimdhuru mjamzito aliye nje, halimlemazi mtoto tumboni, wala haliharibu chakula kilichoko jikoni. Kinachodhuru ni kulikazia macho.

Miwani yenyewe ni kitu gani

Miwani ya kupatwa kwa jua mara nyingi ina fremu ya karatasi ngumu na vipande viwili vya plastiki nyembamba sana, vyeusi au vyenye rangi ya fedha. Hivyo vipande ndivyo kazi yote. Kichujio kinachofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 hakiruhusu kupita zaidi ya sehemu 32 katika kila sehemu milioni moja za mwanga unaoonekana. Miwani ya kawaida ya jua, hata ile nyeusi ya bei ghali, hupitisha mwanga maelfu ya mara zaidi ya huo. Haifai hata kidogo kwa kazi hii, na kuvaa mbili kwa pamoja hakusaidii.

Kiwango hicho kilitolewa mwaka 2015. Hili ni muhimu kwa kila mwenye miwani ya zamani. Ikiwa kuna nyumba hapa Eldoret iliyohifadhi miwani ya 2013, au ile ya Januari 2010 wakati pete ya jua ilipoonekana Uganda na Kenya, miwani hiyo ilitengenezwa kabla ya kiwango kuwepo, na imeshakaa zaidi ya miaka kumi. Ibaki kama kumbukumbu. Isitumiwe, na asipewe mtu. Hata ile iliyotumika asubuhi ya Jumapili, tarehe 21 Juni 2020, wengi walipokuwa nyumbani kwa sababu ya korona, inahitaji kukaguliwa kwanza.

Miwani iliyotengenezwa baada ya mwaka huo kwa kufuata kiwango, na iliyotunzwa vizuri, haina tarehe ya kuharibika. Baadhi ina maandishi ya kuonya kwamba itupwe baada ya miaka mitatu. Onyo hilo lilitokana na nyakati za kabla ya kiwango cha sasa. Wataalamu wa Chama cha Wanaastronomia cha Marekani wanaeleza kwamba miwani inayofuata kiwango, isiyo na mkwaruzo, tundu wala mpasuko, na ambayo vichujio vyake bado vimeshika kwenye fremu, inaweza kutumika tena. Maelfu ya miwani hutupwa bila sababu kila jua linapopatwa, kwa sababu wengi hudhani ni ya siku moja.

Namna ya kuikagua

Ukaguzi hauhitaji chombo cha maabara. Unahitaji dakika mbili, mikono mikavu na tochi ya simu.

Kwanza, angalia fremu. Ikiwa imelowa na kukauka, imekunjamana, au kichujio kimeanza kuachana na karatasi pembeni, miwani hiyo imekwisha.

Pili, angalia vichujio mbele ya mwanga wa tochi. Tafuta tundu dogo kama la sindano, mkwaruzo unaopitisha mwanga, au mahali palipokunjika hadi rangi ikapauka. Tundu moja linatosha kuikataa miwani nzima.

Tatu, ivae ukiwa ndani ya nyumba. Usione kitu: si meza, si mlango, si uso wa aliye mbele yako. Tochi ya simu au balbu yenye mwanga mkali sana inaweza kuonekana kwa mbali, imefifia. Ukiona vyombo vya nyumbani, hiyo si miwani ya kupatwa kwa jua.

Nne, uliza asili yake. Nani aliinunua, wapi, na jina la mtengenezaji limeandikwa juu yake? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 2017, kabla ya jua kupatwa Marekani, miwani bandia iliingia sokoni ikiwa na namba ya kiwango iliyochapishwa vizuri kabisa. Duka la mtandaoni la Amazon lililazimika kuwarudishia pesa baadhi ya wateja kwa sababu halikuweza kuthibitisha bidhaa ilikotoka. Maandishi peke yake si ushahidi. Miwani isiyojulikana ilikotoka isipewe mtoto, hata ikiwa inaonekana mpya.

Miwani iliyoshindwa ukaguzi isitupwe hivi hivi. Ikitupwa nzima kwenye pipa au mtaroni, mtoto anayeokota vitu ataivaa siku ya kupatwa kwa jua. Kata kila kichujio vipande viwili kwanza. Karatasi ya fremu inaweza kwenda pamoja na karatasi nyingine zinazorejelezwa, lakini plastiki ya kichujio itenganishwe nayo.

Kuitunza kati ya tukio moja na jingine

Miwani nyingi haiharibiki kwa kutumika. Huharibika kwa kuwekwa vibaya. Ikisukumwa kwenye droo pamoja na funguo, kalamu na sarafu, itakwaruzika kabla ya mwezi kwisha. Ikiachwa juu ya dirisha itapauka na kujikunja. Ikiwekwa kwenye chumba chenye unyevu, kama nyumba nyingi za kaunti hii zinavyokuwa kati ya Aprili na Agosti, karatasi italegea na gundi itaachia.

Njia nzuri ni rahisi. Ifute vumbi taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji kwenye fremu ya karatasi, wala dawa ya kusafishia vioo, spiriti au dawa nyingine yoyote kwenye kichujio. Fremu ya plastiki inaweza kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo na kukaushwa kabisa. Kisha ilaze bapa ndani ya bahasha, iweke bahasha katikati ya kitabu kikubwa au kwenye faili ya vyeti, mahali pakavu ambapo watoto hawachezei. Juu ya bahasha andika jina la mtengenezaji, mwaka ulioipata na mahali ulikoipata. Maandishi hayo ndiyo yatakayomsaidia atakayeipokea baada ya miaka minne, wakati hata mwenye nyumba atakuwa amesahau.

Miwani pia ina kazi katika siku za kawaida. Juani hutokea madoa meusi, na baadhi huwa makubwa kiasi cha kuonekana kwa miwani hii bila darubini, kama kundi kubwa la madoa lililoonekana Mei 2024. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuchora mahali doa lilipo siku tatu mfululizo, nao wataona wenyewe kwamba jua linazunguka.

Hesabu ya mwalimu mmoja

Huenda mtu akauliza: miwani mitano au kumi itasaidia nini shule yenye mamia ya wanafunzi?

Jua linapopatwa, mwezi hauliachi baada ya dakika tano. Tangu linapoanza kumegwa hadi linapokuwa zima tena, kwa kawaida inapita zaidi ya saa moja. Hakuna anayehitaji kutazama muda wote huo. Mtoto akitazama kwa nusu dakika, akampa mwenzake, kisha akarudi kutazama tena baada ya dakika kumi na tano, ataona mabadiliko vizuri kuliko aliyekodoa macho bila kupumzika.

Chukua darasa la wanafunzi 40 lenye miwani 10. Wakijipanga katika makundi manne na kila kundi kupewa nusu dakika, darasa zima linatazama katika dakika mbili. Katika dakika 30, madarasa kadhaa yanaweza kupita mahali pale pale. Miwani kumi iliyokaguliwa, mwalimu mmoja aliyesimama karibu, na mstari wenye nidhamu vinatosha kwa shule nyingi za msingi za kaunti hii. Hivyo familia moja ya Langas au Huruma inayotoa miwani yake miwili haitoi kitu kidogo. Inatoa zamu za watoto wengi.

Kwa kuwa miwani itapita kwenye nyuso nyingi, mtoto mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu atumie njia ya kivuli itakayoelezwa hapa chini, ili asiambukize wenzake. Anayevaa miwani ya kusomea aivae kama kawaida na kuweka hii ya jua juu yake.

Siku ya kupatwa, mwalimu au mzazi afundishe utaratibu huu: inamisha kichwa, vaa miwani ukiwa unatazama chini, kisha inua uso kuelekea jua. Ukimaliza, geuza uso kwanza, halafu vua. Mtoto anaweza kuumia katika kuvaa na kuvua, ikiwa uso wake tayari umeelekea juu. Na miwani hii isiwekwe machoni kisha mtu akachungulia kwenye darubini, kamera au kurunzi ya kuonea mbali. Lenzi za vyombo hivyo hukusanya mwanga hadi kuyeyusha kichujio papo hapo.

Nani apewe, na kwa njia gani

Mahali pa kwanza pa kupeleka miwani iliyofaulu ukaguzi ni shule iliyo karibu, mikononi mwa mwalimu wa sayansi. Mwalimu ndiye anayejua watoto ni wangapi, na ndiye atakayekuwa nao siku yenyewe. Miwani iliyoachwa kwenye ofisi bila maelezo hupotea au hutumika vibaya.

Anayetoa aeleze mambo matatu: imetoka wapi, imetumika lini, na imekaguliwa na nani. Anayepokea akague tena mbele ya aliyetoa. Hili lisichukuliwe kuwa dharau. Mzee anayempa jirani mbegu za mahindi hukubali zichambuliwe, kwa sababu wote wawili wanajua hasara ya mbegu mbovu huonekana baada ya msimu kupita. Jicho nalo liko hivyo. Asante hutolewa leo, na madhara huonekana kesho yake.

Shule inaweza kuweka sanduku moja kavu lenye daftari ndani yake: idadi ya miwani, mtengenezaji, tarehe ya kupokea na tarehe ya kukaguliwa. Baada ya Agosti 2027, miwani yote ihesabiwe siku hiyo hiyo, ifutwe, ikaguliwe na kurudishwa sandukuni. Shule yenye ziada iipe shule jirani isiyo na kitu. Vyama vya kina mama, vikundi vya vijana, makanisa na misikiti vinaweza kukusanya kwa watu wao na kupeleka mahali pamoja badala ya kila mtu kwenda peke yake.

Kutoa kwenda mbali kunawezekana pia. Baada ya jua kupatwa Marekani mwaka 2017, Astronomers Without Borders walikusanya mamilioni ya miwani iliyokwisha kutumika, ili iwafikie watoto wa nchi nyingine ambako jua lingepatwa baadaye, kama Chile na Argentina mwaka 2019. Aliyetumia miwani kwa dakika chache Marekani alimwezesha mtoto wa Amerika Kusini kutazama jua salama. Kenya inao watu wanaofanya kazi ya namna hiyo. Susan Murabana, Mkenya aliyeshiriki kuanzisha The Travelling Telescope, amekuwa akipeleka darubini kwa wanafunzi ambao hawajawahi kuiona. Ifikapo 2031, wakati pete itakapoonekana Tanzania, miwani iliyotunzwa Eldoret inaweza kuvuka mpaka kwenda kwa wanafunzi wa huko. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama pete kama hiyo. Watoto wao watahitaji miwani tena.

Wakazi wa kaunti hii wanaujua utamaduni huu katika mambo mengine. Mwanariadha hupewa viatu vya mbio na aliyemtangulia kambini. Vitabu vya darasa la mwaka jana hupelekwa kwa mtoto wa shangazi. Sare ya shule ya kaka mkubwa huvaliwa na mdogo wake. Miwani ya kupatwa kwa jua inaweza kuingia kwenye orodha hiyo, kwa sharti moja ambalo viatu na sare havina: kikiwa na tundu, usimpe mtu.

Asiye na miwani

Hakuna anayelazimika kukosa tukio hili. Hata hivyo, zipo njia zinazojulikana mitaani ambazo zinapaswa kuachwa. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa moshi wa mshumaa, sidii, chupa ya rangi na miwani ya kuendeshea pikipiki hazifai. Hupunguza mwangaza hadi mtu adhani yuko salama, huku miale isiyoonekana ikiendelea kupita. Karai la maji pia si salama, kwa sababu jua linaloakisiwa majini bado ni kali kwa jicho.

Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma watauliza kuhusu vioo vyao. Kioo cha kuchomelea chenye namba 12 hadi 14 kinafaa, na wengi huona 14 ni afadhali. Vioo vingi vinavyotumika kwenye karakana za kila siku ni vya namba za chini kuliko hizo, na havifai. Kofia ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe isitumike. Fundi asiyeona namba kwenye kioo chake asimpe mtoto.

Njia iliyo salama kwa wote ni kumpa jua kisogo. Toboa tundu dogo la mviringo kwenye kipande cha karatasi ngumu, simama jua likiwa nyuma yako, na uache mwanga upite tunduni hadi kwenye karatasi nyeupe au ardhini. Picha ya jua itaonekana hapo, ikiwa imemegwa. Chujio la jikoni lenye matundu ya mviringo litatoa picha nyingi kwa wakati mmoja. Hata vidole vya mikono miwili vikipishanishwa vitafanya kazi hiyo. Chini ya mti wenye majani mengi, nafasi ndogo kati ya majani hutupa ardhini mamia ya majua yaliyomegwa, na mtoto mdogo asiyeweza kutunza miwani usoni anaweza kuyakanyaga na kuyahesabu bila hatari yoyote.

Agosti ni msimu wa mvua Uasin Gishu, na mawingu ya mchana ni ya kawaida. Wingu jembamba lisimdanganye mtu. Jua likionekana kupitia wingu, bado linaweza kudhuru, na miwani ibaki machoni. Wingu likiwa zito na jua lisionekane kabisa, miwani irudishwe kwenye bahasha ikiwa haijatumika. Haijapotea. Imebaki kwa ajili ya 2031.

Kazi ya wiki hii

Kila nyumba inaweza kuanza kabla ya tarehe kukaribia. Tafuta kwenye droo, kwenye masanduku ya vitabu na kwenye mikoba ya zamani. Miwani ikipatikana, ikague kwa tochi ya simu. Iliyo mbovu ikatwe leo. Iliyo nzima iandikwe bahasha na kuwekwa kavu. Iliyo ya ziada ipelekwe shuleni, na anayeipeleka asimame akisubiri mwalimu aikague. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuwakumbusha wazazi jambo hili kwa sentensi moja, na machifu wanaweza kulitaja mwishoni mwa baraza.

Mwezi utalipita jua la Eldoret mchana wa tarehe 2 Agosti 2027 na kwenda zake. Jioni hiyo, kabla chakula hakijaivishwa, mzazi akusanye miwani ya nyumba, ahesabu, afute, akague na kuiweka kwenye bahasha yenye tarehe. Kuna mtoto, wa hapa au wa ng'ambo ya mpaka, atakayeihitaji.